Rekodi za polisi na mahakama Nairobi: nani anaruhusiwa kuona nini?

Barua tulizopokea katika wiki za karibuni zimezunguka jambo moja: msomaji anataka kujua kama mtu fulani amewahi kukamatwa, kushtakiwa au kufungwa, au anataka karatasi inayothibitisha kwamba yeye mwenyewe hakufungwa. Tumechagua barua tano na kuzifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha nje kwa sababu zitakazoeleweka.

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa South B. Nataka kumwajiri dereva wa kuwapeleka watoto shuleni na kuwarudisha jioni. Jirani ameniambia kwamba nikienda kituo cha polisi nikiwa na jina lake na nambari ya kitambulisho, askari wa zamu ataniangalizia kama ana kesi. Je, ni kweli?

Jibu: Mama, jirani yako ana nia njema lakini amekuelekeza pasipofaa. Hapa nchini hakuna daftari moja ambalo mwananchi anaweza kulifungua akatafuta jina la mtu na kusoma historia yake yote ya jinai. Kuna rekodi za aina tatu, zinazowekwa na watu tofauti kwa madhumuni tofauti, na mtu asipozitenganisha hupoteza siku nzima kwenye foleni isiyomhusu.

Ya kwanza ni kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ambacho sote tunakijua kwa jina la OB. Kitabu hiki hufuata saa na tarehe, hakifuati majina ya watu. Ukiandikiwa OB 34/12/6/2023, maana yake ni kwamba taarifa yako ilikuwa ya 34 kuingizwa siku ya tarehe 12 Juni 2023 katika kituo hicho, na kesho yake hesabu ikaanza upya. Aliyepoteza kitambulisho ameandikwa humo, aliyeibiwa simu ameandikwa, na aliyegombana na jirani kuhusu maji machafu ameandikwa pia. Kwa hiyo jina kuonekana katika OB si ushahidi wa kosa lolote, na askari anayemfungulia mtu wa nje kitabu hicho ili asome habari za mwingine anavunja faragha ambayo Kifungu cha 31 cha Katiba kinailinda.

Ya pili ni faili za mahakama, ambazo tutazieleza kwa kirefu katika swali linalofuata.

Ya tatu, na ndiyo inayokufaa wewe, ni kumbukumbu ya alama za vidole iliyo mikononi mwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, yenye makao makuu katika Barabara ya Kiambu. Cheti cha tabia njema hutoka huko. Mwenye vidole ndiye anayekiomba, kwa hiyo wewe huwezi kumwombea dereva wako. Unachoweza kufanya ni kumweleza waziwazi kwamba kazi hii inahitaji cheti hicho, kisha umpe muda wa kukitafuta. Ataingia katika akaunti yake ya eCitizen, atajaza maombi na kulipa ada, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa Sh1,050. Kisha atachapisha risiti pamoja na fomu C24 na kwenda kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi katika makao makuu ya DCI au katika kituo cha Huduma kinachotoa huduma hiyo, kama kile cha GPO jijini. Mwambie mapema kwamba C24 huchapishwa pande mbili za karatasi moja. Wengi huifikisha ikiwa kurasa mbili zilizobanwa kwa pini, wakarudishwa saiba wachapishe tena.

Cheti kikiwa tayari hupatikana katika akaunti ileile, na hapo nina ushauri ambao sitauficha: usitosheke na nakala iliyofotolewa. Vyeti vya kughushi viko mjini kama vilivyo vyeti vya shule vya kughushi, ilhali dereva asiye na la kuficha hatasita kuifungua akaunti yake mbele yako na kukipakua papo hapo. Ukishakiona, kihifadhi mahali salama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi kama hizo, na ukikirusha katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule unaweza kulalamikiwa kwa Kamishna wa Kulinda Data.

Kwa kuwa watoto wanahusika, jua pia kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu aweke rejista ya waliopatikana na hatia ya makosa hayo, na kwamba mtu mwenye sababu ya maana anaweza kuomba kuitazama. Mzazi anayetaka kumkabidhi mtu watoto wake ana sababu ya maana. Andika barua, eleza kazi yenyewe, na uambatishe nakala ya kitambulisho chako.

Hata baada ya hayo yote, mpigie simu mwajiri wake wa awali. Cheti hakiwezi kusema lolote kuhusu jambo ambalo halikuwahi kufika polisi, na kwa dereva wa watoto, mambo kama ulevi wa asubuhi na mwendo wa kasi mara nyingi huishia mdomoni mwa aliyemwajiri kabla yako.

Swali: Mwaka 2014 nilishtakiwa kwa wizi katika mahakama ya Makadara. Kesi iliisha mwaka 2016 nikaachiliwa. Sasa nimepata kazi ya ulinzi, lakini nilipoomba cheti cha tabia njema rekodi ile imejitokeza, nami nimeambiwa nilete karatasi za korti. Sina hata moja, na nambari ya kesi nimeisahau. Nianzie wapi? (Msomaji wa Dandora)

Jibu: Ndugu, anzia kwenye nambari, kwa sababu masjala ya mahakama haimjui mtu kwa jina wala kwa sura, inamjua kwa nambari ya kesi na mwaka. Kabla hujapanda matatu kwenda Makadara, pekua nyumbani. Risiti ya dhamana ya pesa taslimu huwa na nambari hiyo. Hati ya mashtaka huwa nayo pia, na juu yake kuna nambari ya OB ya kituo kilichokukamata. Muulize aliyekuwa mdhamini wako, kwa maana wadhamini hutunza karatasi kuliko washtakiwa. Ndio waliowekeza logbuku au hatimiliki zao. Kama ulikuwa na wakili, ofisi yake ina faili.

Ukikosa kote huko, kumbuka angalau mwezi uliposomewa mashtaka. Masjala ya jinai huwa na rejista ambamo kesi ziliandikwa kwa mfuatano wa kusajiliwa, na karani akiwa na mwezi na jina kamili anaweza kuifuatilia ukurasa kwa ukurasa. Akiwa na jina tu, na hasa jina ambalo nusu ya Eastlands wanalo, usimlaumu akikuangalia bila la kusema. Kesi yako ni ya kabla ya Julai 2020, wakati uwasilishaji wa kesi kwa njia ya kielektroniki ulipoanza katika mahakama za Nairobi, kwa hiyo nambari yake haitakuwa na ile herufi E inayotangulia nambari za kesi za siku hizi.

Ukiipata, mwandikie msimamizi wa mahakama hiyo barua fupi ukitaja nambari ya kesi, jina lako kama lilivyoandikwa katika hati ya mashtaka, na unachokitaka: nakala iliyoidhinishwa ya hukumu au ya amri iliyokuachilia. Ni haki yako. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa anaweza kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kuisha, kwa kulipa ada iliyowekwa na sheria. Ada hiyo hulipwa kwa njia rasmi za serikali na hutolewa risiti. Yule kijana anayekusubiri langoni na kukuambia kwamba "anajua mtu ndani" hana risiti, na karatasi atakayokuletea huenda ikakuingiza katika kesi mpya ya kughushi, safari hii ukiwa na hatia kweli.

Sasa nisome vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama. Umesema uliachiliwa, lakini Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai ina njia kadhaa za mtu kutoka kizimbani, na hazina uzito mmoja. Kama hakimu aliona upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba una kesi ya kujibu, uliachiliwa chini ya sehemu ya 210, na huko ni kuondolewa hatia kabisa. Kama ulijitetea na hukumu ikakupa ushindi, hiyo ni sehemu ya 215. Kama mlalamishi hakufika siku ya kusikizwa, hakimu anaweza kuwa alitumia sehemu ya 202, ambayo nayo ni kuondolewa hatia. Lakini kama kiongozi wa mashtaka aliiondoa kesi kabla hujaitwa kujitetea, hiyo ni sehemu ya 87(a), nayo haizuii kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Nakala utakayoomba lazima ionyeshe sehemu iliyotumika. Karatasi isemayo tu kwamba "faili imefungwa" itakurudisha Makadara mara ya pili.

Ukiwa na nakala iliyoidhinishwa, ipeleke DCI pamoja na barua ya kuomba kumbukumbu yako irekebishwe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kudai kurekebishwa au kufutwa kwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Rekodi inayoonyesha kwamba ulishtakiwa lakini haionyeshi kwamba uliondolewa hatia ni ya kupotosha, nami ningeliandika neno hilohilo katika barua.

Kuna uwezekano mmoja mbaya ambao ni afadhali uujue sasa. Faili za zamani huteketezwa kisheria. Mahakama hutoa ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba inakusudia kuomba ruhusa ya Jaji Mkuu kuharibu faili za miaka fulani, na mwenye haja na karatasi zake hupewa muda wa kujitokeza. Kama faili yako ilikuwa miongoni mwa hizo, iombe mahakama ikupe barua inayoeleza jinsi kesi ilivyoisha kwa mujibu wa rejista, iwapo rejista ipo. Na kama faili haikuteketezwa bali inasemekana "haionekani", usikubali jibu la mdomo. Omba liandikwe, kisha ulipeleke kwa Ombudsman wa Mahakama, anayepokea malalamiko dhidi ya mahakama. Nimeona faili zilizopotea kwa miezi zikionekana wiki moja baada ya barua kama hiyo, na sijawahi kupata maelezo ya zilikokuwa.

Swali: Mwanangu wa miaka 19 alikamatwa usiku katika msako Kawangware na hadi sasa simu yake imezimwa. Nitajuaje yuko kituo gani?

Jibu: Mama, usisubiri gazeti litoke, tumekujibu kwa simu pia. Kwa wengine walio katika hali hii: nendeni wenyewe kituoni, au mtume mtu mzima, kwa kuwa kituo hakitatoa habari za mahabusu kwa mtu kisichomjua anayepiga simu. Anzeni na vituo vya karibu, ambavyo kwa Kawangware ni kama Muthangari, Kabete na Kilimani. Katika ofisi ya ripoti, ulizeni kama jina lake limo katika OB ya usiku huo na katika rejista ya walio seli. Tajeni jina lililo kwenye kitambulisho, maana askari hamjui kijana kwa jina la mtaani.

Katiba, Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo na isipite saa 24. Zikiisha nje ya saa za kazi au siku isiyo ya mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Pia ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Kwa hiyo asubuhi, mmoja wenu awe Kibera na mwingine Milimani, mkiangalia orodha ya kesi za siku na kuuliza katika masjala kuhusu kesi mpya za kujibu mashtaka. Kama vituo vyote vimekana kuwa naye na saa zimepita, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu siku hiyohiyo iamuru polisi wamlete mbele yake. Asiye na uwezo wa kulipa wakili aende Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria. Mamlaka ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, nayo hupokea malalamiko bila malipo.

Dhamana ya polisi ni bure. Ukitozwa pesa taslimu kama dhamana, hiyo ni pesa yako inayorudishwa, na ni lazima uandikiwe risiti.

Swali: Nataka kununua ploti kwa mtu ambaye nimesikia aliwahi kushtakiwa kwa ulaghai. Ninaweza kutafuta jina lake mtandaoni?

Jibu: Unaweza, kwa kiasi. Tovuti ya Kenya Law huchapisha bure hukumu za Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama Kuu, na unaweza kutafuta kwa jina la mhusika. Ukiona alama kama KEHC ndani ya nambari ya uamuzi, ni wa Mahakama Kuu. KECA ni wa Mahakama ya Rufaa. Tatizo ni kwamba kesi nyingi za ulaghai wa ploti husikizwa na mahakimu, na sehemu kubwa ya hukumu za mahakimu haimo humo. Zile zilizomo mara nyingi zimefika kwa njia ya rufaa au ya kubishania dhamana. Orodha za kesi zinazochapishwa na Idara ya Mahakama zitakuonyesha kama ana kesi inayosikizwa sasa, na ukishapata nambari unaweza kwenda masjala, ukaomba kuisoma faili na kulipa ada. Kesi husikizwa hadharani, isipokuwa zile za watoto na nyingine ambazo mahakama imezifunga, kwa hiyo unaweza hata kwenda kuketi na kusikiliza.

Hakikisha tu kwamba ni yeye. Nairobi ina watu wengi wenye majina mawili yanayofanana, na hukumu haichapishi nambari ya kitambulisho ya mtu kwa ajili ya kukurahisishia. Linganisha jina la tatu, mtaa, biashara na mwaka. Tena, kabla ya yote hayo, fanya upekuzi wa hatimiliki katika masjala ya ardhi kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni. Mtu asiyewahi kushtakiwa anaweza kukuuzia ploti isiyo yake, nawe ukawa mlalamishi wake wa kwanza.

Swali: Chama chetu cha wakazi wa Umoja kinataka kujua visa vingapi vya wizi wa mabavu vimeripotiwa katika eneo letu kwa miaka mitatu iliyopita. Hatutaki majina ya watu. Mkuu wa kituo anasema hizo ni siri. Tufanyeje?

Jibu: Takwimu si siri kwa sababu tu zimetoka polisi. Takwimu za uhalifu ulioripotiwa huchapishwa kila mwaka, na mtazikuta pia katika Utafiti wa Kiuchumi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Hizo, hata hivyo, hazishuki hadi mtaani kwenu, na hapo ndipo Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawafaa. Sheria hiyo inamhesabu kama raia hata chama kinachodhibitiwa na Wakenya, kwa hiyo ombi linaweza kwenda kwa jina la chama.

Andikeni barua, kwa Kiswahili mkipenda, kwa kuwa sheria yenyewe inataja Kiingereza au Kiswahili. Iwe kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, kwani mkuu wa taasisi ndiye afisa wa habari kwa mujibu wa sheria, na nakala muipeleke kwa mkuu wa kituo ili asihisi kuwa amerukwa. Msiombe "takwimu za uhalifu", ombi ambalo ni rahisi kulikataa kwa kuwa halina mwisho. Ombeni idadi ya visa vya wizi wa mabavu vilivyoandikwa katika OB ya kituo kilichotajwa, mwezi kwa mwezi, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, bila majina wala nambari za simu. Hamlazimiki kueleza sababu. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada, ingawa mnaweza kudaiwa gharama ya kutoa nakala.

Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14. Wakikataa, wanapaswa kuandika sababu, na sababu ziko ndani ya sheria, zikiwamo usalama wa taifa, kuvuruga mwenendo wa haki, kuhatarisha maisha ya mtu, na kuingilia faragha bila msingi. Idadi ya visa mwezi kwa mwezi ni vigumu kuitia katika mojawapo ya hizo. Jibu likiwa la kukataa, au kimya kikizidi siku zilizowekwa, mna siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, iliyoko West End Towers katika Barabara ya Waiyaki, ipitie uamuzi huo. Pelekeni nakala ya barua yenu yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo tume haina tarehe ya kuanzia kuhesabu siku.